Kiboko wa Mama na Kitabu cha Mazimwi

Watu wakiniuliza kazi yangu nawaambia natengeneza kadi za harusi, na huo ni ukweli. Kuanzia asubuhi hadi saa kumi na moja jioni niko kwenye duka la kuchapisha mjini, napanga majina ya bwana na bibi harusi, majina ya wazazi wa pande zote mbili, na yale maua ya rangi ya dhahabu ambayo kila familia inaamini ni ubunifu wake peke yake. Kazi yangu ya pili siitaji. Nilishajaribu mara moja. Nilimwambia jirani yangu wa mtaa wa Bwiza kwamba natunga vitabu vya mazimwi. Akanishika mkono kwa huruma, na Jumapili iliyofuata akaniletea ratiba ya maombi ya kufunguliwa kutoka kanisani kwake.

Basi nieleze, maana hata wewe msomaji huenda umeanza kuniombea. Kuna mchezo unaochezwa mezani. Mtu mmoja anasimulia, wengine wanajifanya mashujaa, na dadu zinaamua nani anapona na nani anazikwa. Msimulizi anahitaji maadui wa kuwatupia mashujaa wake, na maadui hao wanakaa kwenye kitabu: kila zimwi na ukurasa wake, picha yake, mahali linapoishi, chakula chake, nguvu zake kwa tarakimu, na udhaifu wake. Watu wazima wenye kazi zao na kodi za nyumba wananunua vitabu hivyo na kuvisoma kitandani. Lazima awepo wa kuvitunga. Kwa bahati mbaya ya familia yangu, mtu huyo ni mimi.

Kampuni moja ndogo ya Ulaya ilikuwa inatafuta kitabu cha mazimwi ya huku kwetu kwenye Maziwa Makuu. Mhariri wao, kijana mpole sana kwenye barua pepe, aliniandikia kwamba wanataka kitu halisi, kitu chenye harufu ya udongo. Ili nisije nikapotea njia, akanitumia mfano wa kitu halisi: simba mwenye mabawa. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba mimi simba nimemwona kwenye nembo ya taifa tu, na hata huko hana mabawa. Akanishukuru kwa mchango wangu muhimu na kuniomba nimfikirie tena yule simba.

Picha zilikuwa zinachorwa na rafiki yangu mwenye karakana kule Cibitoke. Huyu maisha yake yote amechora mabango ya saluni na ya baa, pancarte kama anavyoyaita mwenyewe, na mkono wake hauwezi tena kusahau hilo. Mazimwi yake yote yana nywele zilizosukwa vizuri. Jitu lake linalokula watu linatabasamu, limenyolewa kiduku, na sikioni lina hereni. Nilimwambia, ndugu yangu, hebu lichore linatisha kidogo. Akaweka brashi chini akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

“Dada,” akasema, “mutu akiona pancarte ya kutisha, ataingia ndani?”

Jitu likaenda Ulaya na hereni yake.

Lakini tatizo letu kubwa halikuwa picha. Zimwi haliingii kitabuni mpaka lijaribiwe mezani. Unakusanya wachezaji, unawapambanisha nalo, unaandika walipigana raundi ngapi, nani alianguka, zimwi lilikufa vipi. Ukiona mashujaa wamekufa mapema mno unalipunguzia nguvu, ukiona wamelimaliza kama kuku unaliongezea. Sisi tulikuwa tunajaribu kila Jumamosi mchana pale karakanani, mchoraji, mimi, na rafiki yetu mtumishi wa serikali anayefanya kazi Kigobe, ambaye hata siku ya mapumziko anakuja na suruali yenye mstari wa pasi. Katika mchezo alikuwa shujaa mwenye shoka. Sijawahi kuliona shoka hilo likifanya kazi.

Mara ya kwanza niliwaweka mbele ya pango la lile jitu. Nikawasimulia mifupa iliyotapakaa mlangoni, harufu ya damu, pumzi nzito gizani. Nikawauliza, mnafanya nini?

“Tunabisha hodi,” akasema mtumishi wa serikali.

Nikamkumbusha kwamba hilo ni jitu linalokula watu.

“Apana, ile ni mambo ingine,” akasema. “Franchement, mutu anaingia namna gani kwa mwenzake bila kubisha hodi? Na tumekuja mikono mitupu?”

Basi wakabisha hodi. Wakalisalimia jitu, wakaliuliza habari za watoto. Mchoraji akasema shujaa wake amebeba kreti la bia, jambo ambalo halikuandikwa popote, lakini alishikilia kwamba hakuna mtu mwenye akili anayetembelea watu bila kinywaji. Walifungua chupa mbele ya jitu lenyewe, ili lisidhani wanataka kulitilia sumu, wakaonja kwanza, wakalipitishia. Mwisho wa mchana jitu lilikuwa limewaelekeza njia ya mkato. Kwenye ripoti ya mhariri, pale palipoulizwa mapigano yalichukua raundi ngapi, niliandika kwamba mapigano hayakutokea. Pale palipoulizwa zimwi lilikufa vipi, niliandika kwamba tulipoondoka lilikuwa na afya njema na linawasalimu.

Yakawa hivyo kwa kila zimwi. Mhariri alianza kuandika barua fupi fupi.

Sasa niseme habari za mama, kwa sababu kitabu hiki mimi nilikuwa nakiandika kwa ajili yake, ingawa yeye hakujua na mhariri hakujua. Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Alikuwa anaishi peke yake Kibenga, nyumba ya mwisho kabla ya ziwa. Zamani haikuwa ya mwisho. Ziwa lilipopanda, majirani wa mbele yake walihama, mmoja baada ya mwingine, na nyumba zao zikabaki na maji hadi madirishani. Mama alibaki. Baba aliijenga nyumba ile chumba kwa chumba kila alipopata kitu, na mama alikuwa anaongea habari za kuhama kama watu wanavyoongea habari za kukatwa mguu.

Maji hayakunitia hofu sana, maana maji yanakuja polepole na unayaona. Nilichoogopa kilikuwa kiboko, imvubu kama mama anavyomwita. Kila jioni kiboko dume, mkubwa, alitoka ziwani, akapita kwenye pengo la ua wa nyuma, akala majani ya uani kwa mama, akarudi alikotoka. Mama alikuwa anajisifu kwamba tangu apate mgeni huyo hajamlipa mtu yeyote kufyeka. Anasimama kwenye dirisha la jikoni na kumwambia, “Mwiriwe, mzee,” kama tunavyosalimiana jioni kwa Kirundi, kwa heshima yote anayostahili mtu mzima. Kiboko hakuwahi kujibu. Mama hakumlaumu, alisema huenda ana mambo mengi.

“Mama, huyu mnyama ataua mtu,” nilimwambia.

“We mutoto, ile imvubu inanijua. Namusalimiaka kila siku.”

“Kukujua si kukupenda.”

“Nani amesema inipende? Iko na njia yake, na mi niko na nyumba yangu.”

Nililala macho wazi siku nyingi kwa ajili ya mazungumzo hayo. Nilimwogopea mama yangu, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kutunga mazimwi, nikaona nitumie silaha niliyonayo. Nitamwandikia kiboko ukurasa. Nitaandika meno yake, mbio zake, jinsi anavyokata mtumbwi vipande viwili, na mama akiuona uovu wote huo umepangwa vizuri kwenye ukurasa, na tarakimu pembeni, atafunga virago aje kwangu Bwiza.

Ulikuwa ukurasa mkali. Nilimtumia mhariri kwanza. Akajibu kwamba umeandikwa vizuri, ila kiboko ni mnyama wa kawaida tu, na mashabiki wao hawanunui kitabu ili kusoma habari za wanyama wa kawaida. Katika kitabu chao kikubwa cha mazimwi kiboko yupo nyuma kabisa, karibu na punda, na mbele ya jina lake wameandika hatari ndogo. Joka wamelitengea kurasa zenye rangi. Mimi sijawahi kukutana na familia iliyompoteza mtu kwa joka. Familia za waliouawa na kiboko nimezipangia matangazo ya msiba mwenyewe, pale pale dukani, kwenye kompyuta ile ile ninayotengenezea kadi za harusi. Nilimwandikia hivyo. Akajibu kwamba anasikitika sana, na kwamba nikithibitisha mezani kuwa kiboko anaweza kuwa zimwi la kweli, lenye mapigano ya kweli, atafikiria.

Halafu nikampelekea mama. Akavaa miwani, akachukua kalamu nyekundu, akasoma ukurasa wote akiwa amesimama. Alinipa alama kumi na tatu kwa ishirini.

“Umeandika kama inachukia watu,” akasema. “Haichukii mutu. Haina hata habari na mutu.”

Hakuogopa hata kidogo. Alinirudishia karatasi, akaniuliza kama nimeleta mkate.

Mkate nilikuwa nimeleta. Nilikuwa naleta kila jioni, pamoja na dawa yake ya presha ikiisha. Zamani nilikuwa nafika mapema, lakini tangu mafuta yawe adimu mabasi yanakuja yanapotaka, kwa hiyo nikitoka kazini natembea kwa miguu hadi Kibenga na kufika jua likizama. Lango la mbele lilikuwa limekwama kwenye tope tangu mvua kubwa, na mama alikataa lishughulikiwe, alisema linazuia wezi. Mimi nikawa napita nyuma, kando ya ua, upande wa ziwa. Namwambia habari hii msomaji sasa hivi, na msomaji anaona mara moja kilichopo. Mimi, mtaalamu wa mazimwi, niliyeandika kwa mkono wangu saa anayotoka kiboko na njia anayopita, sikuona kitu. Nilikuwa na shughuli ya kumwogopea mama.

Jumapili moja tuliamua kwenda kucheza kwa mama. Mchoraji alitaka kuona nyayo na kinyesi, kwa sababu kiboko wake wa kwanza alikuwa na kope ndefu na alionekana yuko tayari kwenda kwenye sherehe. Mtumishi wa serikali alikuja na zawadi ya sukari na vitunguu, maana hawezi kuingia kwa mama wa mtu mikono mitupu, awe wa kweli au wa mchezoni. Tulifika mchana, jua kali. Mama aliwapa viti, akawapa soda, akazifungua mbele yao, akawauliza habari za nyumbani hadi nikaanza kutazama saa.

Tukaeneza mchezo kwenye meza ya kulia. Mama alitazama karatasi zetu, akauliza nani atakuwa imvubu. Nikasema mimi, msimulizi.

“We unaijua wapi?” akasema. “Unaiona ikiwa inaondoka. Nitakuwa mimi.”

Akavuta kiti. Thermosi ya chai akaiweka katikati, hiyo ni nyumba. Ukingo wa meza upande wa dirisha, hilo ni ziwa. Akachukua karanga kwenye sahani, akazipanga moja moja kutoka ukingoni, zikapinda kidogo pale lilipo pengo la ua, zikafika hadi kwenye thermosi. Hiyo ni njia. Alizipanga taratibu kama alivyokuwa anapanga mawe ya kuhesabia mbele ya darasa la kwanza. Kiboko mwenyewe akawa chungwa. Sisi mashujaa tukawa vifuniko vya soda zetu.

Mtumishi wa serikali akaanza kama kawaida yake. Shujaa wake akasogea hatua chache, akavua kofia, akasema, “Mwiriwe, mzee.”

“Haijibu,” akasema mama.

“Tunamuuliza habari za watoto.”

“Haijibu.”

“Tumeleta bia,” akasema mchoraji.

“Haikunywi. Inakula majani.” Akasogeza chungwa karanga moja mbele. “Mumalize salamu, mi niko nakula.”

Wakatazamana. Ilikuwa mara ya kwanza zimwi kuwakatalia kreti. Mama akawauliza kila mmoja amesimama wapi, kwa sauti ile ile ya mwalimu anayetaka kujua nani hajafanya zoezi. Mtumishi akaonyesha kifuniko chake karibu na thermosi. Mchoraji alikuwa amepanda mti wa parachichi wa uani, ndiyo busara ya kwanza kuiona kwake tangu tuanze kucheza. Kisha mama akanigeukia.

“Na we?”

Mimi shujaa wangu alikuwa amechelewa, ndiyo kwanza anafika. Nikachukua kifuniko changu, nikakiweka pale ninapopita kila siku, nyuma ya ua. Sikufikiri. Mkono ulikwenda wenyewe. Kifuniko kikakaa juu ya mstari wa karanga, kati ya chungwa na ukingo wa meza.

Mama akakitazama.

“Hapo ni wapi?”

“Nyuma ya ua, mama. Lango la mbele si limekwama?”

Mchoraji, ambaye hakuwa na habari na kinachoendelea, akasema kwamba kule juu mtini anawasha tochi ili aone vizuri. Mtumishi wa serikali akasoma ukurasa wangu kwa sauti, maana anapenda kusoma masharti: kiboko akimulikwa, hurudi majini kwa njia aliyokuja nayo, mbio, na kilicho kati yake na maji hakipiti salama. Niliyaandika mwenyewe maneno hayo. Nilikuwa nimeyapenda sana.

“Ni zamu yako, mama,” nikasema. “Tupa dadu.”

Alizishika muda. Akazitupa kwa upole, kama mtu anayeweka kitu cha kuvunjika, na zikatoka kubwa. Mtumishi akafuata tarakimu kwenye ukurasa kwa kidole, akajumlisha, akakohoa. Akasema shujaa wangu amekufa, na hata angekuwa na uhai mara mbili ya ule bado angekufa. Mchoraji akapiga makofi. Hatimaye tumepata mapigano, akasema, huyo mhariri atafurahi. Mtumishi akauliza raundi ngapi, akaandika moja.

Mama hakucheka. Alikiokota kifuniko changu juu ya karanga, akakiweka kwenye mfuko wa gauni lake. Akasimama, akatazama dirishani, jua lilikuwa bado liko juu.

“Muko na nguvu nyinyi wawili?” akawauliza wanaume.

Wakasema wako nazo. Akawapa jembe na koleo, akawapeleka kwenye lango la mbele. Wakachimba tope, suruali yenye mstari wa pasi ikaharibika kabisa, wakasukuma na mabega mpaka lango likalia na kufunguka. Mama alikuwa amesimama nyuma yao amefunga mikono. Mimi nilikuwa nimewabebea maji. Lango lile nilikuwa nimemsihi alifungue kwa miezi.

Akatusindikiza hadi barabarani, kama inavyotakiwa. Pale akawaaga wenzangu, akawashukuru kwa sukari na vitunguu, akanishika mkono mimi nibaki nyuma.

“Kesho usikuje,” akasema.

“Na mkate?”

“Usikuje na miguu. Tafuta kamyoneti, ukuje asubuhi, upakize vitu.” Sauti yake ilikuwa ya hasira, na macho yalikuwa yamejaa machozi. “Mi jioni niko ndani, nimefunga mulango. Kumbe ni we uko unapita pale. Kila siku nasimama kwa dirisha naisalimia ile kitu, na we uko nyuma yake na mukate.”

Nikamwambia tu kwamba gari nitatafuta.

Tulihama kwa mafungu, kulingana na upatikanaji wa mafuta. Siku ya mwisho mama alikwenda nyuma na panga, nikadhani anataka kuziba lile pengo. Alilipanua. Alisema sasa nyumba haina mtu, hakuna sababu mnyama ajikwaruze. Akapanda mbele ya kamyoneti na thermosi mapajani, hakugeuka.

Kitabu kilitoka. Kiboko amepata ukurasa wake, wenye rangi, na kope zimepungua ingawa hazikuisha. Mhariri aliniandikia mara kadhaa kuhusu sehemu ya udhaifu, kwamba wachezaji lazima wapewe njia ya kumshinda. Mwishowe niliandika kwamba wachezaji wasisimame njiani. Akaniuliza kama hilo ndilo pambano lote. Nikamwambia ndilo.

Mama anaichukia Bwiza kwa moyo wake wote. Baa iliyo upande wa kushoto inapiga muziki kuanzia saa kumi, ya kulia inajibu, na kati ya hizo mbili anakaa mlangoni kwangu na miwani yake, anasahihisha kwa kalamu nyekundu mazimwi ya kitabu cha pili. Anasema viboko walikuwa na adabu zaidi. Jioni nikirudi kutoka kazini ananiona tangu kona ya barabara, anavua miwani, anasubiri nikaribie ndipo aseme, kwa heshima ile ile, mwiriwe.

Namjibu. Mara ya kwanza nilipomjibu alishtuka, akageuka akaingia ndani haraka, akasema anakwenda kutazama maharage. Siku hiyo hatukuwa tumepika maharage.